Chumvi ya Shangazi Tekla

Idete, 14 Januari 1958

Mdogo wangu Fulgensi,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima huko Kampala, kwa hao watu wako wanaokula ndizi asubuhi, mchana na jioni. Sisi hapa hatujambo. Mpunga wa bondeni umeshika vizuri. Nguruwe pori wameharibu upande wa Teofili tu, naye amewatukana maneno ambayo katekista hatakiwi kuyajua. Digna wangu ameanza mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Sala zote anazo, ila akifika Nasadiki anakimbia kama anafukuzwa. Shangazi Tekla anakusalimu na anauliza kama umepata mchumba Mkatoliki. Mume wangu Wendelin naye anakusalimu.

Sasa habari ya baba, na usishtuke. Baada ya Noeli miguu yake ilivimba, kisha uso. Tukampeleka Ifakara, daktari akapima mkojo, akasema figo zimechoka. Dawa alitoa kidogo, amri alitoa moja: baba asionje chumvi. Si ya mboga, si ya samaki, hata ya kulamba. Unamjua baba, mtu aliyekula kambale wa chumvi tangu aote meno. Siku ya kwanza nilimwekea wali na mlenda usio na chumvi. Akatazama sahani, akaniuliza tangu lini nimeanza kupikia wafu.

Tulicheka wote. Lakini tangu hapo anakula vijiko viwili anasukuma sahani. Anakonda mabegani huku miguu inanenepa, na hilo halipendezi kulitazama. Naogopa njaa itamwondoa kabla ya figo. Wewe unayesoma udaktari, hakuna njia nyingine? Niandikie upesi, maana mvua zikikolea barua zako zitafika zimeota uyoga.

Mimi dada yako,
Serafina


Makerere, 6 Februari 1958

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie baba shikamoo yangu, na shangazi pia, na mwambie mchumba bado, masomo yananitosha kwa mateso. Shemeji Wendelin hajambo? Mimi ni mzima, ila baridi ya asubuhi huku si ya Kilombero.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Daktari amesema kweli, na muhula huu nimeelewa kwa nini, kwa sababu tunasoma chembe. Mwili wote, dada, umejengwa kwa chembe ndogo mno, na kila chembe imezungukwa na utando. Utando wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba darubini zetu haziuoni. Tunaujua kwa kazi yake. Walimu wanasema ni safu mbili za mafuta zilizolaliana, zikiwa zimeshikamana na protini. Maji hupita humo kirahisi. Chumvi haipiti hivihivi.

Juzi tulibandua ngozi laini ya kitunguu, tukaiweka chini ya darubini, tukadondoshea maji ya chumvi. Maji yakatoka ndani ya chembe kwenda kwenye chumvi, na chembe zikanywea mbele ya macho yangu. Tukaosha kwa maji matupu, zikajaa tena. Ndivyo ilivyo kwa baba. Figo haziitoi chumvi, inabaki nje ya chembe zake, na inashikilia maji huko huko nje. Uvimbe unaouona ni hayo maji.

Kwa hiyo mshikilie ile amri. Mpe ndimu, tangawizi, pilipili, chochote cha kuchangamsha ulimi, lakini chumvi hapana. Na jambo moja hukuniambia: anatembea? Anakwenda mwenyewe kutazama migono yake ya samaki mtoni?

Mdogo wako,
Fulgensi


Idete, 1 Machi 1958

Mdogo wangu Fulgensi,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Tumeingia Kwaresima salama. Mvua inapiga usiku na mchana, mto Lumemo umefurika, na barua hii Teofili ataibeba ndani ya kofia mpaka Ifakara. Digna sasa anaisema Nasadiki polepole, lakini anasinzia katikati. Nimesoma habari ya kitunguu chako mbele ya baba. Akasema amekulipia karo kwa samaki wa miaka mingi, na sasa anaona zimeishia kwenye kitunguu.

Nina habari njema. Baba anakula.

Si mimi niliyegundua, ni shangazi. Alikaa jikoni akimtazama ndugu yake anavyosukuma sahani, kisha akasema daktari amekataza chumvi ya dukani, hakukataza ya kwetu. Unaikumbuka? Labda ulikuwa mdogo. Wakati wa vita, chumvi ilipoadimika madukani, bibi alikuwa akikata matete na majani ya bwawani, anayakausha, anayachoma, majivu anayaweka kwenye chungu chenye matundu, anayachuja kwa maji, kisha anachemsha mpaka ibaki chumvi ya kijivu chini. Shangazi anajua kazi hiyo yote. Jumatano ya Majivu padre alitupaka majivu kwenye paji, tukarudi nyumbani kuchuja mengine.

Sasa kila mlo ninamwekea. Ina uchungu kidogo, lakini baba anasema ni chumvi ya mama yake na anaifuta sahani kwa kidole. Sikumvunjia daktari amri, maana hii imetoka kwenye majani, haina ubaya wa ile ya dukani. Uvimbe nao umepungua kidogo usoni. Analalamika tu kwamba mapaja hayana nguvu, midomo inamchonyota kama amelamba pilipili, na moyo mara unasita mara unaendelea. Nadhani ni udhaifu wa njaa ile ya Januari, utaondoka akishiba.

Mitihani yako lini? Tunakuombea.

Dada yako,
Serafina


Makerere, 24 Machi 1958

Dada,

Shikamoo, na unisamehe leo sitasalimia kwa urefu. Barua yako imenifika leo asubuhi.

Usimpe baba chumvi ya majani tena. Kama imo kwenye chungu cha mboga, mwaga mboga. Mpelekeni Ifakara kwa daktari, na mwambieni neno kwa neno alichokuwa akila. Haya ndiyo makubwa; yanayofuata ni kukueleza kwa nini, ili usidhani nimepagawa.

Chumvi ni za aina nyingi. Ya dukani ina kitu kinaitwa sodiamu. Ya majivu ya majani ina kingine, potasiamu, ambacho kwa ulimi ni ndugu yake lakini kwa mwili si ndugu yake hata kidogo. Nilikuambia habari ya utando. Kazi yake kubwa haikuwa ile ya kitunguu. Utando huiweka potasiamu ndani ya chembe kwa wingi, na sodiamu huitoa nje, saa zote, bila kupumzika, na hiyo ni kazi inayokula nguvu. Tofauti ya ndani na nje ndiyo inayozaa umeme mdogo, na moyo hupiga kwa umeme huo. Potasiamu ikijaa nje, kwenye damu, ile tofauti inapotea. Utando upo mahali pake, mzima, lakini hauna tena cha kufanyia kazi.

Wiki iliyopita tulifungua kifua cha chura, moyo wake ukiwa unapiga. Mwalimu wa fiziolojia akaudondoshea maji ya potasiamu. Ulipiga taratibu, ukasita, ukapiga mara moja, kisha ukalegea na kusimama. Niliandika kwenye daftari nikaenda kula. Leo nimesoma kwako kwamba moyo wa baba mara unasita mara unaendelea, nikarudi mbio chumbani kukuandikia.

Utaniuliza mbona bibi aliila na hakufa. Bibi alikuwa na figo nzima, ziada yote ilitoka kwenye mkojo. Baba hana pa kuitolea. Shangazi hakukosa, na wewe hukukosa. Hata daktari hakuwaza kama kuna mtu bado anachuja majivu.

Mshike kifundo cha mkono kwa vidole viwili, usikilize mapigo, uniambie. Na safari hii unijibu: baba anatembea?

Fulgensi


Makerere, 8 Aprili 1958

Dada yangu,

Shikamoo. Jana ilikuwa Jumatatu ya Pasaka na sikumbuki padre alihubiri nini. Sijapata neno kutoka kwenu. Siku ile ile niliyoandika nilikwenda posta kutuma simu ya maandishi. Karani alipokea, kisha akasema mbele ya Kilosa nguzo zimeanguka kwa mvua, kwa hiyo itangoja. Leo nimerudi, nikaambiwa bado inangoja. Wanasema na malori yamekwama Kidatu.

Nikilala naona sahani ya baba na kidole chake kinaifuta. Nimefika mahali pa kuombea mnyimane chakula hapo nyumbani, mboga iungue, shangazi augue mgongo ashindwe kukata matete. Mungu anisamehe, lakini ndizo sala zangu.

Narudia, kama ile barua imezama: chumvi ya majani hapana. Hata chembe moja.

Fulgensi


Ifakara, 19 Aprili 1958

Mdogo wangu Fulgensi,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ya Machi imefika Jumanne. Teofili alikuja nayo jioni, amelowa mpaka shingoni. Nikaisomea mlangoni. Nilipofika pale pa kumwaga mboga, baba alikuwa ndani anakula. Niliingia nikamnyang'anya sahani mkononi kama mtoto mwizi. Alinitazama, sitaki kukueleza alivyonitazama.

Shangazi alipandwa na hasira. Alisema mama yao aliwalea watoto saba kwa chumvi hiyo, na sasa Fulgensi amefungua chura mmoja amekuwa mkubwa kuliko mama yao. Nikamsomea baba barua yote, polepole. Alisikiliza. Alinirudisha mara mbili pale kwenye utando. Kisha akauliza, "Huyo chura aliamka?"

Nikatafuta kwenye barua, hukuandika. Nikamwambia aliamka. Fulgensi, nimemdanganya baba yangu ana kwa ana wakati wa Pasaka. Akasema, "Basi tungoje na mimi niamke." Akajilaza.

Nilishika kifundo chake kama ulivyosema. Mapigo yalikuwa mazito, yanakuja yakichelewa, na kila yalipochelewa na mimi niliacha kupumua. Waendesha mitumbwi walikataa maji yale. Siku ya pili Wendelin na Teofili waliwapuuza, wakamlaza baba kwenye mtumbwi wa Teofili, tukaenda. Daktari alipopapasa mkono na kusikia habari ya matete, aliinuka upesi. Alimtia dawa kwenye mshipa, akakaa naye. Hakutugombeza. Alitaka tu shangazi amweleze jinsi ya kuchuja yale majivu, akaandika.

Leo mapigo yamekaa sawa. Daktari anasema ungechelewa kidogo tungezika. Ila figo, anasema, hazirudi.

Umeniuliza mara mbili kama baba anatembea. Hajatembea tangu Noeli. Nilikuficha kwa sababu una mitihani, na kwa sababu nikiandika ingekuwa kweli.

Niambie kuhusu chura.

Serafina


Makerere, 12 Mei 1958

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimelia kwa furaha mbele ya watu wazima, na sijali.

Hukumdanganya baba. Chura aliamka. Mwalimu aliuosha ule moyo kwa maji yenye chumvi zilizopimwa vizuri, kila aina kwa kiasi chake, na baada ya kitambo ukapiga tena, kwanza kwa uvivu, kisha kama kawaida. Nilisahau kuandika kwa sababu ya hofu. Mwambie baba.

Mshikilie hivyo hivyo. Mpikie lakini chumvi hapana, ya dukani wala ya shangazi. Akikasirika acha akasirike. Nakutegemea wewe, maana huko hakuna mwingine anayeweza kumkatalia baba.

Mitihani ni mwezi ujao. Mpe Digna hongera yangu ya Komunyo.

Fulgensi


Idete, 27 Juni 1958

Mdogo wangu Fulgensi,

Tumsifu Yesu Kristo. Simu imekwisha kukufikia, kwa hiyo unajua. Baba tumemzika Jumamosi, kando ya mama. Watu walikuja mpaka kutoka Chita, na wavuvi walimchimbia kaburi wao wenyewe, hawakutaka vijana waguse jembe.

Baba aliishi kumwona Digna akipokea Komunyo. Tulimbeba mpaka kanisani kwenye kiti. Digna aliimaliza Nasadiki bila kukimbia, na baba akamtangazia kila mtu aliyekaa karibu kwamba huyo ni mjukuu wake. Zilikuwa siku nzuri. Baadaye alianza kulala mchana kutwa, anatapika, pumzi inanuka mkojo. Tukampeleka tena Ifakara, daktari akanivuta pembeni akasema tumrudishe nyumbani.

Sasa nakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku mbili kabla hajafa, kichwa chake kilitulia. Akaomba kambale wa kukaushwa, na akaomba chumvi ya mama yake. Shangazi alikuwa ameificha kidogo kwenye kibuyu, akaileta. Baba akaninyooshea kiganja. Akasema, "Serafina, mara moja tu."

Nilikataa. Nilikuwa na barua yako kichwani, hata chembe moja. Nilimpikia samaki mtupu. Hakumgusa. Aligeukia ukutani, na hakuzungumza nami tena. Kwa shangazi alizungumza, kwa Wendelin alizungumza, hata Digna alimwita ampe maji. Mimi hapana. Baba amekufa amenuna, na aliyemnunisha ni mimi niliyemwosha na kumlisha tangu Noeli.

Msibani shangazi alisema mbele ya watu wote kwamba nimemnyima ndugu yake chumvi ya mwisho. Hakuna aliyenitetea, na mimi sikujitetea.

Nataka uniambie kitu kimoja. Siku ile, kile kidogo cha kwenye kiganja kingemfanya nini? Usinijibu kwa kunihurumia.

Serafina


Makerere, 20 Julai 1958

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Poleni nyote, na pole sana wewe. Simu ilinikuta kwenye wiki ya mitihani, nikaambiwa nafasi ya kusafiri haipo mpaka likizo. Nilikaa nikaandika mtihani. Swali la tatu liliuliza muundo wa utando wa chembe na kazi zake. Nilijibu vizuri kuliko darasa zima. Mwalimu alinisifu mbele ya wenzangu, nami nikatoka nje nikaegemea ukuta nikalia.

Umesema nisikuhurumie. Nilimpelekea mwalimu barua yako, nikamtafsiria. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza. Figo zikifika pale, potasiamu haihitaji tena kutoka kwenye sahani. Chembe zenyewe zinachoka, utando unashindwa kazi yake, na kilichokuwa ndani kinavuja nje kwenye damu. Ndicho kilichokuwa kinatokea kwa baba alipokunyooshea mkono. Kile kidogo cha kwenye kiganja kisingebadilisha kitu. Ungeweza kumpa.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeiacha, kwa sababu uliitaka kweli. Lakini soma na hii. Aprili ulimnyang'anya sahani, na kwa hiyo alimwona Digna. Juni ulimkatalia kwa maneno yale yale, na hakuna njia ambayo ungejua kwamba safari hii hayana kazi. Mimi ndiye niliyesoma, na mimi sikukuandikia kwamba kuna siku amri inaisha. Sikuandika kwa sababu sikutaka kuifikiria siku hiyo. Nilikuambia hata chembe moja, nikakuacha peke yako na kiganja cha baba.

Nitafika Idete kabla ya Agosti kwisha. Usingoje nifike. Jumapili watu wakitoka misa, wale wale waliokuwa msibani, mwite shangazi umsomee barua hii kwa sauti. Aliyemnyima baba chumvi ni mimi, kutoka Kampala. Na kama alikufa amenuna, alininunia mimi.

Mdogo wako,
Fulgensi